Wiki ya Kupumua

Asubuhi waliyotarajia kuvuka ziwa Mweru kwenda kisiwa cha Kilwa kumwoza binti yao, Sampa alimkuta mkewe jikoni akikaanga samaki. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Banamwila, hayo mafuta ni ya nani?"

"Ni yangu," alijibu mkewe bila kugeuka. "Leo ninaanza wiki yangu ya kupumua. Ulijua."

Alijua, na ndilo lililomkera. Jina la mwanamke yule lilikuwa Ngalula, mzaliwa wa Pweto upande wa Zaire, aliyeolewa Nchelenge na kuuza samaki wakavu sokoni tangu ujana wake. Mumewe, kama Wabemba wengine, alimwita kwa jina la binti yao Mwila, naye akamwita mumewe Bashimwila. Ngalula alikuwa mnene, na unene wenyewe haukumsumbua mtu. Kule ziwani mke mnene ni sifa kwa mumewe. Kilichosumbua ni ngiri iliyotokeza kitovuni, kubwa kama limau, ambayo ilirudi ndani kila alipolala chali.

Mwaka wa 1975 Dokta Kabwe, kijana aliyekuwa ameletwa hospitalini karibuni, aliibonyeza akasema lazima ipasuliwe. Kisha akautazama mwili wa Ngalula.

"Lakini si sasa, mama. Kwa uzito huu dawa ya usingizi inaweza kukulaza moja kwa moja. Punguza kwanza."

Mara ya kwanza Ngalula alijifunga kabisa. Mafuta aliyaacha, vitumbua vya asubuhi akaviacha, akala bwali, ule ugali wao, kiasi cha ngumi na samaki wa kuchemsha. Alipungua upesi, gauni likaanza kumpwaya. Kisha siku moja sokoni, bila kugombana na mtu, alinunua sinia zima la vitumbua akavila amejificha nyuma ya magunia. Kesho yake akarudia, na siku iliyofuata pia, hadi mizani ya hospitali ikamrudisha alikotoka. Alilia kwa aibu.

Alipoanza upya alijipangia mwenyewe: majuma kadhaa ya kujinyima, kisha juma moja la kula akashiba kama watu, bila kuvimbiwa, halafu anarudi kujinyima.

"Mutu akizama maji bila kupanda kupumua, atakufa," alimweleza dokta.

Dokta Kabwe alikuna kidevu. "Sijasoma popote kwamba inasaidia. Wala sijasoma kwamba inadhuru. Tutaona kwenye mizani."

Mizani ilisema hivi: katika juma la kupumua Ngalula alibaki palepale, au alipanda kidogo, baadaye akashuka tena. Sampa hakuyaona hayo. Aliona tu kwamba ngiri bado ipo, na kila mapumziko yanaisogeza mbali siku ya kupasuliwa. Kaka yake, Lackson, alikufa kwa ngiri iliyonasa nje isirudi ndani, akiwa kambi ya wavuvi huko Chisenga, kabla mtumbwi wa kumvusha haujapatikana.

"Kama usingepumzika zile mara mbili, ungekuwa umepasuliwa tayari," alisema sasa pale mlangoni.

"Nisingepumzika ningekuwa nimerudi kwenye vitumbua. Mi si gunia ya muhogo, Bashimwila, useme utaiweka pembeni na itatulia. Mi ni mutu."

"Lackson naye alikuwa mtu."

Ngalula alirudi kwenye kikaango. Aliwaopoa samaki mmoja mmoja, akawapanga kikapuni, na mashua ikang'oa nanga ugomvi ukiwa haujaisha.

Harusi ilikuwa njema kwa wote isipokuwa wao wawili. Eness, mama wa bwana harusi, alimwekea Ngalula kuku, bwali na samaki wa mafuta, akamhimiza ale. Ngalula alikula. Kila alipoinua tonge aliliona jicho la mumewe likilifuata tonge hadi mdomoni. Alikula akashiba, akasukuma sahani. Wanawake wa Kilwa walipomletea nyingine aliwashukuru akaikataa. Hilo Sampa hakuliona, maana alikuwa amekwisha kugeuza uso.

Siku ya pili, wageni wakiwa bado wanacheza ngoma, Eness alimwomba Ngalula amsaidie kuinua chungu cha munkoyo, kile kinywaji chao cha mahindi na mizizi, wakiweke kivulini. Walikiinua. Kabla hawajakitua, Ngalula alihisi kitu kikivutika ndani ya tumbo. Alikaa chini, akaingiza mkono chini ya kitenge. Ngiri ilikuwa nje, ngumu kama jiwe. Alilala chali akaisukuma kama alivyozoea. Haikurudi. Akaisukuma tena, maumivu yakapanda hadi mgongoni, akatapika.

Sampa alikuja mbio. Alipoona kile kivimbe, uso wake ulibadilika, na kilichomtoka kwanza kilikuwa hasira.

"Nilikwambia! Mbele ya watu wote hawa nasema, nilikwambia!"

"Bashimwila," alinong'ona Ngalula, "tafuta mashua."

Mashua yenye mota ilikuwa ya mtu mmoja, Goodson, mchuuzi wa samaki. Alikuwa amekaa ufukweni akitazama ziwa. Upepo wa kusini ulikuwa umeamka tangu asubuhi na Mweru lilikuwa jeupe kwa povu.

"Haiwezekani," alisema Goodson. "Ngojeni upepo ushuke jioni."

"Kaka yangu aliambiwa angojee," alisema Sampa. Hakupaza sauti. "Jioni tulimfunika shuka."

Goodson akainuka kwenda kuchukua petroli.

Kwa desturi mkwe hamkaribii mama wa mkewe, sembuse kumgusa. Siku ile Rodwell, bwana harusi, alimwinua Ngalula mikononi akaingia naye majini hadi kifuani, akamlaza juu ya nyavu ndani ya mashua. Mwila alibaki ufukweni na nguo zake mpya, ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Mawimbi yaliwapokea mara tu walipotoka kwenye kinga ya kisiwa. Mashua ilipanda, ikaanguka, na kila ilipoanguka Ngalula aliuma ncha ya kitenge. Sampa alipiga magoti kando yake akichota maji kwa kopo na kuyatupa nje. Maji yaliingia mengi kuliko alivyoyatoa. Goodson alikaa nyuma ameshika usukani, macho mbele.

"Ni yale mafuta," alisema Sampa, akichota. "Ni hiyo wiki yako."

"Kama ni mafuta, utaniambia nikipona."

Sampa akachota tena. Baada ya muda alisema, kwa sauti nyingine kabisa, "Basi upone."

Hospitalini Dokta Kabwe aliibonyeza ngiri mara moja tu, akawaita wauguzi.

"Amekula lini mara ya mwisho?"

"Tangu jana hajaacha kula!" Sampa alijibu.

Ngalula alifumbua macho. "Hapana. Nilikula kama mutu. Leo, uji asubuhi, na nimeutapika."

"Nauliza kwa sababu ya dawa ya usingizi," alisema dokta. "Hapa si mahakamani."

Wakamwingiza. Sampa alikaa kwenye benchi la nje, nguo zikimkaukia mwilini. Goodson alikaa naye, ingawa hakuna aliyemwomba abaki.

Dokta alipotoka, alivua kofia kwanza. "Yu hai. Utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Tuliufunika kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu, rangi ikarudi. Sikuhitaji kuukata."

Sampa aliinamisha kichwa magotini. Alipokiinua aliuliza lile lililomkaba tangu Kilwa.

"Ni chakula, dokta?"

"Ngiri hunasa mtu akiinua kitu kizito, au akikohoa, au bila sababu. Ingeweza kunasa nyumbani kwenu, katika wiki ya kujinyima. Lakini nitakwambia jambo moja. Angeletwa na mwili wa mwaka jana, ningeogopa kumlaza. Leo sikuogopa sana."

"Basi kupumua kwake kulisaidia."

"Hilo sijui. Pengine bila mapumziko angefikia uzito niliotaka mapema, nikampasua, usingemleta leo kwa mashua. Pengine asingeufikia kabisa. Wengi huanza kwa mbio, siwaoni tena."

Sampa hakuridhika.

Ngalula alirudi nyumbani akitembea taratibu, mkono tumboni. Aliambiwa aendelee kupungua ili mshono usifunguke, na asiinue kitu kizito. Jioni moja, walipokaa uani, alisema majuma yake ya kujinyima yamekaribia kutimia, atapumua tena.

Sampa alitikisa kichwa. "Bado siikubali hiyo wiki yako."

"Najua."

"Lakini tusiiweke tena kwenye sherehe ya mtu. Kwenye sherehe kuna vyungu, kuna watu wa kukushurutisha, na mimi nageuka polisi. Ifanyie hapa nyumbani."

Ngalula aliwaza, akaona kuna ukweli. "Na wewe usiniangalie mdomo nikila."

"Nitajaribu."

Hakuweza siku zote. Ilipomzidi, aliinuka akaenda kukaa kwa jirani hadi mkewe amalize kula. Ngalula aliendelea kupungua, polepole kuliko alivyotaka dokta. Mshono ulishika.