Mtu wa Tano

Évode alikuwa na miguu mizuri, hilo hakuna aliyelibisha kituo cha zimamoto. Siku ya kupimwa walimvika koti zito na mtungi wa hewa mgongoni, wakampandisha kwenye mashine ya kutembea iliyoinuliwa kama mlima usio na kilele. Vijana wa Kiswidi walishuka wakitweta. Yeye alishuka akauliza kama kuna chai. Kilichomponza baadaye si miguu. Kilichomponza ni adabu.

Yeye na mkewe Godelieve walihama kitongoji cha Alby mwaka 2008 wakaenda Lövvik, kijiji cha mashamba na misonobari kaskazini ya Stockholm, alikopata kazi ya kutunza majengo ya shule. Kijiji kile hakina zimamoto wa kushinda kituoni. Kina gari moja jekundu na wenyeji wachache, huyu mkulima, yule fundi bomba, kila mmoja na kidude cha kuitia kiunoni siku za zamu yake. Kidude kikilia, huacha alichoshika na kufika kituoni ndani ya dakika tano. Évode aliposimuliwa hayo alicheka. Hilo si geni, alimwambia mkewe. Kwao Burundi, yowe likipigwa, jirani hutoka; asiyetoka atakuja kuulizwa alikuwa wapi. Mwaka waliokimbia nchi, wao walipiga yowe na hakuna aliyetoka. Hilo hakulitaja, na Godelieve hakuhitaji kutajiwa.

Wakampokea kwa majaribio. Mwezi wa tatu wa majaribio, shemeji yake Deo akaja kumtembelea, na wakati wa kuondoka Évode akamsindikiza, maana mgeni haagwi mlangoni kama mleta barua. Wakapiga hadithi mpaka kituo cha basi, na kwa kuwa hadithi ilikuwa bado tamu, wakaendelea mpaka kituo cha mbele. Kidude kikalilia huko. Mwana wa watu alitimua mbio, lakini alikuta milango ya kituo iko wazi na gari jekundu limekwenda. Bahati nzuri hapakuwa na moto, ni king'ora tu kilichojiwasha ghalani kwa mtu.

Solveig, mama aliyekuwa mkuu wa kituo, hakupandisha sauti. Waswidi wakikasirika huishusha. Alimweleza kwamba gari linataka watu watano. Wakiwa wanne, sheria hairuhusu mtu kuingia kwenye moshi: watasimama uani wakimwagia ukuta maji, na aliye ndani, Mungu ndiye anajua. Ikitokea tena, nafasi atapewa mwingine. Évode alirudi nyumbani amenywea.

Sasa, posa haingoji mtu amalize majaribio. Binti yao Inès alikuwa amepata mchumba, Arnaud, kijana wa familia ya Wakongo wa Uvira wanaoishi Jakobsberg. Wazee wakapanga Jumamosi moja ya Septemba waje kutoa mahari. Évode alibadilishana zamu na fundi bomba mapema, akajisifu kwa kuwa mwerevu. Asubuhi ya siku yenyewe fundi bomba akapiga simu kutoka kitandani: mgongo umekataa, hainuki. Godelieve alimsihi mumewe aseme naye anaumwa. Évode alikataa, akakificha kidude chini ya vazi la sherehe, akasema mbona wiki nzima hakijalia.

Wageni walijaa sebuleni. Mshenga wao alikuwa Mzee Mwamba, baba mkubwa wa Arnaud, mtu wa kofia na maneno ya kupimwa. Arnaud alikuwa amemwonya njiani: Warundi hawatoi binti bila maigizo. Watakuambia hawakujui, watakuambia binti keshaposwa. Usikasirike, ndivyo wanavyopenda. Na kweli, Évode alisema yeye hawajui, akauliza kama wamepotea njia ya kwenda madukani Kista, na watu wakacheka. Mzee Mwamba akasimama, akataja ng'ombe wa kwanza. Évode akafungua mdomo kumkataa huyo ng'ombe, na kidude kikalia.

Hapo moyo wake ulipasuka vipande viwili, sisemi uongo. Mbele yake wakwe, ambao ukiwapa mgongo siku ya mahari umewatukana. Kiunoni mwake yowe. Alimtazama Inès, aliyekuwa amepambwa pembeni ya mama yake.

"Gå, pappa," Inès alisema. Nenda, baba.

Alipandisha vazi magotini akatoka mbio.

Kituoni walikuwa wamekaa garini wanne, injini inanguruma. "Fem," Solveig alisema alipomwona, watano, na gari likaondoka. Iliyowaka ilikuwa nyumba ya bibi mmoja mjane, Märta, chini karibu na ziwa, na bibi mwenyewe alikuwa ghorofani. Wawili waliingia. Évode, mwanagenzi, alipiga magoti mlangoni akiwasukumia bomba la maji, akilihisi likitambaa kwenda ndani, akiomba lisisimame. Walimtoa bibi amefunikwa blanketi, anakohoa, anauliza paka wake yuko wapi. Évode alilia palepale, na hakujali nani anaona.

Walipokuwa wanakunja mabomba, Solveig alimjia. "Bila wewe tungesimama uani," alisema. Kisha akaongeza kwamba habari ya majaribio imekwisha.

Furaha ile ilimfikisha mpaka getini kwake tu. Magari ya wageni bado yalikuwepo, na hilo lilimtisha zaidi kuliko kama yangekuwa yameondoka. Aliingia amejaa masizi. Vyakula vilikuwa vimefunikwa vile vile, hakuna aliyegusa.

Godelieve alimsimulia kwa haraka pale mlangoni. Alipotoka mbio, Mzee Mwamba alipiga makofi, akasema baba huyu anajua kuigiza, akamwongeza ng'ombe wa pili ili arudi. Alipokosa kurudi, akamwongeza wa tatu. Ilibidi Inès mwenyewe amweleze kuna nyumba inaungua, na tangu hapo mzee amekataa chakula kifunuliwe.

Évode alianza kuomba radhi. Mzee Mwamba alinyanyua mkono.

"Yule mutu, mulimutoa?"

"Tulimtoa, mzee. Yuko hai."

"Papa Évode, sisi tuko bageni, hatuko viziwi. Kwetu Uvira, kelele ya moto ikilia, mugeni naye anashika ndoo. Weye umekimbia peke yako, ukatuacha tumekaa. Iko hiyo ndiyo umetukosea."

Mzee alimshika bega lenye masizi akamketisha, akataka chakula kifunuliwe, na mahari ikaisha bila mchezo mwingine.

Jioni wageni waliinuka. Magari mengine yalikuwa mbali, kwenye uwanja wa kanisa, na Évode, mkaidi asiyejifunza, alivaa koti akatoka nao mpaka nje ya geti ili awasindikize. Zamu yake haikuwa imekwisha. Mzee Mwamba alikitazama kidude, akamvua koti taratibu kama anavyovuliwa mtoto, akamgeuza. Akamshika mkono wa kulia, Arnaud akashika wa kushoto, na ukoo mzima ukafuata nyuma, wakamrudisha hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwake, wakamuaga hapo.