Makubazi ya Ijumaa

Ijumaa ya kwanza ya mwezi Machi, mwaka 1954, saa saba na robo mchana, Papa Alfani fundi viatu alikuwa barazani kwake akipaka nta uzi wa kushonea. Hakwenda msikitini kwa sababu ya jipu la paja. Alikuwa amefika katikati ya uzi alipoona makubazi ya mkwe wake yakipita barabarani. Mkwe mwenyewe hakuwemo.

Aliyatambua mara moja, maana aliyashona kwa mkono wake: ngozi ya nyati juu, tairi la lori chini, mishono miwili sambamba. Yalikwenda kwa mwendo mzuri, la kulia mbele, la kushoto nyuma. Yakakwepa dimbwi, yakampisha mwanamke mwenye beseni la mihogo kichwani, yakashika njia ya maporomoko ya mto. Alfani aliona kwamba kubazi la kushoto linalala kidogo upande wa nje. Akajiambia atalirekebisha.

Mama yake, Bibi Asha, alikuwa kizingitini akichambua pondu, majani ya muhogo, miguu peku kama kawaida. Kila Idi mwanawe alimshonea makubazi mapya. Kila Idi aliyapokea, akayanusa, akayasifu, akayatia katika sanduku chini ya kitanda. Humo mlikuwa na jozi ishirini na moja, na hakuna hata moja iliyowahi kuonja vumbi.

“Ni ya Valère,” alisema bila kuinua kichwa.

“Ninaona, mama.”

“Inaenda kwao.”

“Ninaona.”

Valère alikuwa Mgenia, mvuvi, mtoto wa watu wanaopanda magogo juu ya maji yanayonguruma na kutega humo vikapu vikubwa kama vibanda. Alikuwa Mkristo wa kubatizwa, sawa na ndugu zake wote. Alipomtaka Mwanahamisi, binti mkubwa wa Alfani, Alfani hakumpigia kelele wala kumshikia fimbo. Alimwambia tu: “Tamka shahada, ao sahau mutoto yangu.” Valère aliitamka siku ileile, magamba ya samaki yangali kwenye kucha zake, akapewa jina la Ramazani, ambalo kufikia jioni kila mtu alikuwa amelisahau. Alfani ndiye aliyesimama mbele ya wazee akashuhudia kwamba kijana amekuja kwa moyo wake. Sasa Mwanahamisi alikuwa na mimba ya miezi sita.

Sala ilipokwisha, Valère alirudi bila viatu, akicheka.

“Papa, makubazi imekwenda.”

“Ni wewe ulitaka kwenda?”

“Mimi? Mimi niko hapa. Nilikuwa nasali. Bon, kidogo nilikuwa nafikiri vikapu, maji imepanda.”

Kesho yake mama yake Valère, Mama Clothilde, aliyaleta makubazi katika kikapu, yamepanguswa vizuri. Alisema yalifika mwambani, yakasimama karibu na magogo ya kutegea mpaka jua likazama. Yeye aliyatandikia mkeka na kuyawekea lituma, ndizi za kuponda, na samaki, maana mgeni ni mgeni. Hayakula.

Ijumaa ya pili ziliondoka jozi nne. Ijumaa ya tatu ziliondoka kumi na saba, na mtaa mzima ukatoka kutazama. Wanawake walitoa vigoda barabarani, mwenye karanga akauza karanga. Jozi ya muuza chumvi ilisimama mbele ya baa ikapigapiga sakafu kwa kufuata gitaa, bila kukosea hata pigo moja. Jozi ya polisi mstaafu ilipanda mwembe. Jozi mbili ambazo wenyewe hawakusalimiana tangu mwaka wa vita zilitembea bega kwa bega mpaka mtoni. Mbwa walibweka wiki ya kwanza tu, kisha wakazifuata wakitikisa mikia. Watoto walipiga makofi, na Alfani, jipu lake limekwisha kupasuka, alicheka mpaka akashika ukuta, kwa kuwa mishono yake ilikuwa inapita mbele za watu na haikufumuka.

Afisa mzungu wa teritwari, yaani wilaya, alituma mtu kuuliza kama viatu hivyo vina kibali cha kutembea. Akaambiwa vinatembea mchana, tena upande wa kulia wa barabara. Akaviacha.

Pole pole watu waligundua kwamba kila jozi iliyoondoka ilikuwa na mtu nyuma yake aliyewahi kumwambia mwenye viatu maneno yale ya “ao sahau”: ao sahau urithi, ao sahau kazi, ao sahau nyumba, ao sahau mke. Nyota, binti mdogo wa Alfani, alikuwa anasoma kwa masista. Ili kupata nafasi darasani alibatizwa, na huko aliitwa Lucie. Alfani alitaka sana kujua viatu vya Nyota vingekwenda wapi. Lakini kanisani watu hawavui viatu, kwa hiyo upande ule hapakujulikana kitu.

Wazee waliitana barazani kwa msikiti. Mwalimu Abdulhamid, mwembamba, mwenye sauti ya kengele, alizungumza kwanza. Makubazi yake mwenyewe hayakuwahi kusogea hata inchi moja. Hilo lazima lisemwe.

“Jihadi ni kazi,” alisema. “Mugonjwa anakataa dawa, tunamushika pua, anameza. Kesho anapona, anasema asante. Babu zetu walileta dini hapa na bunduki mukononi. Leo sisi wote tunasali. Nani analalamika?”

“Babu zetu walikuja kutafuta pembe za tembo,” alijibu Papa Asumani, mwadhini, mtu mnene wa zikri na vicheko. “Usiwape jihadi hawakuiomba. Jihadi ni mutu na nafsi yake, ndani ya shati yake.”

“Na nafsi yako inapigania wapi, papa? Mezani? Naona lituma imeshinda.”

Baraza zima liliangua kicheko, na Papa Asumani akacheka kuliko wote, akipigapiga tumbo. Alipomaliza kufuta machozi, akasema kwa upole maneno ambayo Alfani hakuyatazamia.

“Dini haina kulazimisha. Donc, neno la kulazimishwa si neno. Valère hakuingia. Na kama hakuingia, hakuna ndoa. Mwanahamisi arudi kwa baba yake, mpaka bwana yake akuje mwenyewe, hata kama ni miaka kumi. Sisi tutamungojea na chai.”

“Na mimi nasema ulimi umesema, mutu ameingia,” alisema Mwalimu Abdulhamid. “Ndoa iko. Kinachotoka ni viatu. Vifungwe kamba.”

Alfani alimpenda Papa Asumani tangu utotoni. Usiku wa zikri walishikana mikono. Alijua kwamba alichosema mwadhini ni kweli, kwa sababu yeye ndiye aliyeshuhudia uongo. Kisha akamfikiria binti yake akirudi na tumbo lile, sanduku kichwani, mtaa mzima ukiwa umekwisha kutoa vigoda.

“Kamba ya unene gani?” aliuliza.

Wazee wakakubaliana: wajaribu Ijumaa moja. Makubazi yakishikika, ndoa ya Mwanahamisi imeshika. Yakiondoka, neno la Papa Asumani ndilo litakalofuatwa.

Alfani alitoboa tundu kwenye visigino vya jozi zote, kazi safi, na Alhamisi wakajaribu vifundo; makubazi, yakiguswa na kamba, hayakungoja Ijumaa. Alfani alifunga kifundo cha fundi viatu, makubazi yakakifungua. Dereva wa lori akafunga cha kufungia magunia, yakakifungua. Valère mwenyewe akafunga kile cha Wagenia, kinachozuia vikapu visichukuliwe na mto mzima. Makubazi yake yalikifungua kwa heshima, kama mtu anayevua shati la kaka yake, yakaondoka.

“Yanakijua, papa,” alisema Valère kwa masikitiko. “Ni ya kwetu.”

Ijumaa, adhana ikikaribia, Bibi Asha alifika uani kwa msikiti, vidole vingali na rangi ya pondu. Hakuna aliyemwita. Alisema Mwanahamisi hajala tangu jana. Akachukua kamba, akaikunja mara mbili, akaizungusha kushoto, akapitisha ncha chini ya shingo ya kitanzi, akavuta. Akaacha urefu wa mkono mmoja, akafunga jozi ya pili. Akaacha mkono mwingine, akafunga ya tatu. Alikwenda hivyo mpaka jozi zote zikawa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, kwa muda usiotosha kumenya bakuli la maharage.

Sala ikaanza. Makubazi yakavuta. Kadiri yalivyovuta, vitanzi vilikaza. Yakavuta tena, kidogo, kisha yakasimama yote pamoja, kama yaliyokumbuka kitu.

“Fundo muzuri sana,” alisema Mwalimu Abdulhamid sala ilipokwisha. “Bibi, ulifunzwa wapi?”

“Njiani,” alisema Bibi Asha.

Maisha yake yote Alfani alikuwa amesimulia watu kwamba mama yake alitoka Ujiji na msafara, mtoto wa waungwana.

“Ulikuwa na msafara, mama,” alisema.

“Nilikuwa kwenye kamba yake. Meno ya mbele ilikuwa haijaota bado.” Alijipangusa mikono kwenye kitenge. “Wa mbele yangu sijui jina yake. Nilimujua mugongo tu.”

Papa Asumani aliitazama kamba kwa muda mrefu. Kisha akasema chai inapoa, na kweli ilikuwa inapoa, wakaenda kunywa.

Ndoa ikashika. Mwezi Juni Mwanahamisi alizaa mtoto wa kiume mwenye sauti ya maporomoko, na Valère alicheza barabarani mpaka kofia ikamtoka. Kila Ijumaa makubazi yalifungwa mstari mmoja mlangoni. Watu waliyazoea, na mwenye karanga akahamia uwanja wa mpira. Mama Clothilde, ambaye sasa hakuna aliyekuja kwake Ijumaa, alivuka mji na sahani yake, akaiweka mbele ya jozi ya mwanawe, akangoja kidogo, akairudisha.

Siku ya Idi Alfani alimletea mama yake jozi ya ishirini na mbili, ngozi laini, nyekundu. Bibi Asha aliipokea, akainusa, akaisifu.

“Mama, kwa nini hauvai?”

“Ingenipeleka kwetu.”

“Acha ikupeleke, mama. Hata siku moja.”

“Kule hakuna mutu tena,” alisema. “Ingesimama tu kwenye jua.”

Alfani aliirudisha jozi mezani pake. Akakaa nayo kitambo, akiigeuzageuza. Kisha akachukua msharasi akatoboa visigino, tundu moja la kamba kila upande, na kwa sababu ilikuwa Idi akayatia pete za shaba.