Trekta la Jackton na Reli ya Miwa

Debra alipofungua mlango wa nyumba yake Kileleshwa, mama yake, Hannah, alikuwa amesimama nje akitabasamu. Nyuma yake alikuwa Jackton, jirani yao wa kijijini, ambaye mama hakuwa amemsemesha tangu msimu wa mvua.

"Tumekutana kwenye basi," Hannah alisema. "Hana mtu Nairobi. Ningemwacha alale stendi?"

Wote wawili walikuwa wamealikwa kwenye mkutano huko Upper Hill asubuhi iliyofuata. Wakulima wadogo wa miwa walitaka reli ya zamani inayopita kando ya mashamba yao ifufuliwe, ibebe miwa hadi kiwandani. Hannah ndiye aliyekuwa msemaji wao. Jackton alikuwa na matrekta ya kubeba miwa, na alikuwa amekuja kupinga. Debra naye alikuwa mhandisi katika ofisi iliyochora mpango wenyewe.

"Karibu, Uncle," alisema, akaongeza unga kwenye sufuria.

Mezani hawakungoja samaki aishe.

"Miwa yangu ilikatwa, ikalala kando ya barabara mpaka ikakauka kama kuni," Hannah alisema. "Kila nikikupigia simu, unaniambia uko njiani."

"Trekta lilizama kwenye matope, Mama Debra. Ulitaka nilibebe mgongoni?"

"Basi acha treni ije. Treni haizami."

"Na watoto wangu watakula nini? Reli?"

Debra alicheka, lakini moyoni hakuwa na raha. Jackton ndiye aliyempeleka mama hospitalini kwa trekta siku alipougua na magari mengine yakashindwa kupita. Debra hakutaka mchoro wake umnyang'anye kazi mtu huyo.

Asubuhi walichukua teksi hadi Upper Hill. Hannah alikuwa amebeba mafungu mawili ya miwa kuwaonyesha wakubwa: moja limekatwa juzi, jingine limekaa juani muda mrefu. Walipofika, askari wa mlangoni aliwaambia lifti imeharibika.

"Na hiyo mizigo yako, mathe, itapanda aje?" aliuliza.

"Na mimi," Hannah alijibu, akaanza ngazi. Hakufika mbali. Aliketi akihema, kilemba kimemwendea upande.

Jackton alimtazama kidogo, akavua koti lake la mkutanoni, akampa Debra, kisha akayatupia mafungu yote mawili begani.

"Unabeba miwa nitakayokushinda nayo?" Hannah alimuuliza.

"Nabeba miwa. Si ndiyo kazi yangu?" Jackton alisema akipanda. "Hiyo teksi imetuleta mpaka mlangoni, lakini huku juu imeshindwa. Lazima Jackton aitwe."

Debra alisimama papo hapo.

"Uncle, kutoka shamba la mama mpaka kwenye reli, hiyo njia ina matope?"

"Pale? Ni karibu, na ni changarawe tupu. Matope yako mbele, barabara ya kiwandani."

"Kukiwa na mahali pa kupakia pale pale karibu, si ungeenda na kurudi siku nzima? Badala ya kulala kwenye foleni ya kiwanda?"

Jackton aliteremsha mzigo. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayepiga hesabu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka askari akachungulia.

Mkutanoni, Hannah alimkatia bosi wa Debra, Bwana Kibe, kipande cha muwa mkavu. Kibe alitafuna, akakunja uso. Akapewa ule mbichi, akautafuna mpaka mwisho.

Ndipo Jackton aliposimama. "Nilikuja kuipinga hii reli, na bado sijaipenda. Lakini mpango wenu una stesheni moja kubwa, mbali na watu. Tuwekeeni vituo vidogo karibu na mashamba. Sisi wenye matrekta tutaleta miwa pale, nyinyi mmalizie safari."

Kibe alimgeukia Debra. "Mchoro unaweza kubadilishwa?"

"Unaweza," Debra alisema. "Naanza leo."

Reli ilianza kwa msimu wa majaribio, na wakulima waliruhusiwa kukata miwa pale tu treni inapokuwa inakuja. Siku mabehewa ya kwanza yalipopakiwa, Debra alikuwa dawatini Upper Hill simu ilipoita. Sauti ya mama ilikuja katikati ya kelele za injini na vigelegele.

"Debra! Imekatwa asubuhi, na saa hii inaondoka! Unasikia?"

"Nasikia, Mama!" Debra alijibu, akisahau wenzake waliokuwa wakimtazama.

Simu ilinyakuliwa.

"Debra, ni mimi Uncle wako," Jackton alisema. "Tafadhali mwambie mama yako ashuke kwenye injini. Anamfundisha dereva kazi."