Fundo la Mashoto

Mkaguzi wa uvuvi alipenyeza kipimo chake cha bati kwenye tundu la wavu, kikapita bila shida. Akaandika. Halafu, badala ya kwenda kunywa chai na meneja kama wakaguzi wote waliomtangulia, akatia mkono ndani ya mfuko wa wavu, kule nyuma samaki wanakorundikana, akavuta wavu mwingine uliofichwa humo. Matundu yake hata kidole hakipenyi.

"Nani kashona huu?"

Mafundi wa karakana ya nyavu wakainamia kazi zao. Aliyeushona alikuwa amekaa sakafuni, sindano ya mti mkononi, na mkono wenyewe wa kushoto. Ndiyo maana walimwita Mashoto, na ndiyo maana mafundo yake yalilala upande wa pili, tofauti na ya mafundi wote. Angejifichaje?

Na jamani, ni huyu huyu aliyeshona dirisha la matundu ya mraba mgongoni mwa wavu ule, akiwaeleza wenzake kwa raha zake kwamba matundu ya kawaida hujifumba wavu ukivutwa, ila ya mraba hubaki wazi, samaki wadogo wakapita. Haikupita wiki, meneja akamwita pembeni. "Mama, tia wavu wa ndani, uzibe. Hutaki, mlango ule pale." Akaziba.

Leo meneja alikuwa wa kwanza kuinama na kuligeuza fundo.

"Loo, Mashoto! Umetufanyia nini?"

"Si wewe uliyeniambia, bosi?"

"Mimi?" Akamgeukia mkaguzi kwa sauti ya huruma kabisa. "Mama wa watu, hakusoma. Amekosea tu."

"Fundo ni lako?" mkaguzi akauliza.

"Ni langu."

Likaandikwa hilo tu.

Mume wa Mashoto alimkuta kituo cha polisi, kwenye benchi, saa nane mchana. Alikuwa mvuvi wa mshipi, katoka moja kwa moja majini na ndoo yake tupu. Mwaka wa pili huo anarudi hivyo, na kila akirudi humwambia mkewe, "Bado wadogo. Watakua tu." Naye mkewe huitikia. Mungu wangu, alikuwa akiitikia!

Wavu wa ndani ulikuwa mezani. Changu wa urefu wa kidole walikuwa wamenasa vichwa, wamekauka. Mume akalishika fundo moja. Alilijua, ndoano zake zote zilifungwa na mkono ule.

"Mama watoto," akasema polepole, "ni hawa niliokuwa nawasubiri?"

Mashoto akauficha mkono wake wa kushoto.

Huko bandarini honi ikalia. Meli ya bosi ilikuwa inatoka kwenda kuvua na wavu wake wa akiba. Nao pia alikuwa ameuziba Mashoto.

Mume akaanza kuwanasua wale samaki, mmoja mmoja, akiwatia kwenye ndoo.

"Wewe mzee," askari akamwambia, "usiguse ushahidi."