Birika Lisilomwagwa

Tii… tii… tii. Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga ukingo wake gizani, taratibu, kama meno ya mtu aliyeingiwa na baridi. Janelle Tjaden aliusikia mlio huo akiwa bado kwenye ngazi, amemlaza Nels, mwanawe mchanga, begani. Hakuwasha taa. Alishuka kwa kupapasa ukuta, asije akamwamsha Britta, bintiye, ambaye akiamka nyumba nzima huamka naye.

Birika lile la chuma lilikaa juu ya jiko la kuni tangu theluji ya kwanza. Hewa ya majira ya baridi huku Iowa hukauka mpaka pua zikatoka damu, basi birika huachwa juu ya moto mchana na usiku litoe mvuke. Likipungua linaongezwa. Halimwagwi. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alifanya hivyo, na mama yake kabla yake, na Janelle aliyeolewa humo alifuata.

Alichota maji ya moto, akayachuja kwa kitambaa kuondoa vile vipande vyeupe vinavyobanduka kwenye kuta za birika, akayatia kwenye jagi la kioo dirishani yapoe. Hayo yalikuwa maji ya Nels peke yake. Tangu theluji ianze kuyeyuka, maji ya bomba la jikoni yalikuwa na harufu ya udongo, na Janelle aliapa kwamba mwanawe hatakunywa tone ambalo halijapita motoni. Maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekauka mwezi wa pili, aliporudi kazini. Alilia siku ile. Kisha akajifuta machozi, akanunua maziwa ya kopo ya kukoroga kwa maji, akasema basi angalau maji nitayaangalia mimi.

Aliusogeza mlango wa jiko, mwanga wa makaa ukamwangukia mtoto usoni. Midomo ya Nels ilikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia, kama ya mtoto aliyekula forosadi. Lakini forosadi huiva Juni, na huu ulikuwa Machi.

"Baridi tu, babangu," alimnong'oneza. "Eeh? Baridi tu."

Muuguzi naye alisema hivyo kwenye simu. Mfunike vizuri, na isipokwisha mlete Jumatatu. Leo ilikuwa Jumamosi.

Nels alinyonya chupa kidogo, akaacha, akashusha pumzi ndefu kuliko umri wake.

Kulipopambazuka, baba mkwe alikuwa tayari uani, amesimama kwenye moshi, akikoroga sufuria pana ya utomvu wa miti ya mepo, unaochemshwa mpaka ubaki sharubati nzito. Verlyn Tjaden alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alipenda kazi ile kuliko zote za mwaka kwa sababu haikuhitaji mashine. Britta alisimama karibu naye, buti zake zimebadilishana miguu.

"Babu, mbona imekuwa kidogo? Jana ilijaa."

"Maji yanaruka, mjukuu. Yanakwenda zake mawinguni. Utamu hauna mabawa, unabaki. Onja."

Britta akaonja, akafumba macho. "Maji yanaruka, utamu unabaki," akaimba, na akazunguka nyumba nzima akiuimba.

Mezani, Verlyn alijimiminia kahawa, akamtazama Janelle kwa fahari asiyojua kuificha.

"Mama Britta, unajua Alhamisi nasimama kwenye bunge la jimbo? Mbele ya wale wanaotaka kutuletea sheria na faini. Nitawaambiaje? Nitawaambia, mabwana, sisi maji yetu tunayapima wenyewe. Hatusubiri askari. Mkwe wangu mwenyewe ndiye anayepima."

"Nitajitahidi, Baba."

"Hujitahidi wewe. Wewe unaweza."

Janelle aliona aibu tamu. Kazi ile aliipata kwa jasho: kila Jumanne jioni kwenye chuo cha wilaya, daftari mapajani, tumbo likikua mbele yake. Chama cha biashara ya kilimo cha jimbo kilimwajiri kwa siku chache za wiki, apime maji yanayotoka kwenye mabomba yaliyofukiwa chini ya mashamba, yale yanayokausha udongo wa mahindi na soya na kumwaga maji yake yote mtoni. Aliiamini kazi hiyo. Aliamini kwamba mkulima akiona kwa macho yake kile kinachomtoka shambani, atabadilika bila kupigwa fimbo. Wengine alishawaona wakibadilika.

"Ila Baba," alisema mumewe, Kory, bila kuinua macho kwenye sahani, "ile mbolea ya amonia ya Oktoba…"

"Usianze."

"Nasema tu. Udongo ulikuwa bado wa moto."

"Nimesema usianze, kijana."

Kila mtu huku anajua. Amonia haizikwi ardhini mpaka udongo upoe, la sivyo inageuka naitreti, chumvi inayoyeyuka majini, kabla ya wakati, na mvua za machipuko zinaibeba yote. Lakini Oktoba ile matangi meupe yalikuwa yamepatikana mapema kwenye ushirika, jirani wa ng'ambo ya barabara ameshaanza, na Verlyn hakuzaliwa kutanguliwa. Alichomeka kipimajoto udongoni, akakitazama, akakigonga kwa kidole kama saa iliyosimama. "Kesho kitashuka," akasema, akapanda trekta. Hakikushuka. Shamba lile linaanza hatua chache nyuma ya kisima kinacholisha bomba la jikoni.

"Nilikuwa nafikiri," Janelle alisema polepole, "nipime na maji ya hapa nyumbani. Mara moja tu."

Verlyn akacheka, si kwa ubaya. "Kisima alichochimba babu yangu? Tumekunywa vizazi vitatu, tazama urefu wangu."

Janelle akaanza kukusanya sahani. Alishamuuliza pia Bwana Hoekstra, afisa wa maji wa Chama, mtu mpole, naye akamjibu kwamba kazi yao ni mabomba ya mashamba. Visima ni mambo ya ndani ya nyumba za watu. Na kupima kisima cha mkweo ni kama kunusa chakula cha mwenyeji kabla hujala. Isitoshe, alijiambia, maji ya Nels yamepita motoni. Mwalimu wake alikuwa amegusia mara moja kwamba naitreti ni hatari kwa watoto wachanga, kwamba damu yao inasahau kubeba hewa na mtoto anabadilika rangi. Kwamba ikijulikana mapema hospitali wanayo dawa, na mtoto anaamka kama hakuna lililotokea. Mengine, alisema, tutayaona kwenye somo la visima. Usiku wa somo hilo ndio usiku aliozaliwa Nels.

Siku ya Chupa, iliyoangukia Jumamosi hiyo, hufanyika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri. Wakulima huja na maji ya mabomba yao ndani ya chupa za achari na za jamu, huziweka kwenye meza iliyo mlangoni, huondoka wakienda kwenye kahawa bila kugeuka nyuma. Hakuna jina, hakuna namba. Hiyo ndiyo desturi, na bila hiyo asingekuja hata mmoja. Mtu huiona rangi ya chupa yake kwa mbali, akimeza kahawa yake, akarudi nyumbani na jibu lake moyoni.

Janelle alivaa glavu. Alimpa Kory mtoto. Nels alikuwa mzito, mlegevu, kichwa kikilala popote kilipowekwa.

"Kalala fofofo," Kory alisema.

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

Alitaka kusema, twende. Twende sasa hivi. Lakini watu walikuwa wameshajaa, mpiga picha wa Chama alikuwa anapanga taa zake, na Verlyn alikuwa akimwonyesha kila mtu kwa kidole: yule pale, mkwe wangu. Nimalize hii meza, akajiambia, kisha nampeleka, Jumatatu au si Jumatatu.

Alichovya kikaratasi cha kupimia, kinachokolea rangi kadiri naitreti inavyozidi, kwenye chupa ya kwanza. Kikabaki cheupe.

"Huyo anafuga bata tu!" mzee mmoja alipaza sauti, watu wakacheka.

Ya pili, waridi hafifu. Ya tatu, waridi. Ya nne iliiva kidogo zaidi, na mtu mmoja karibu na sandwichi za nyama alikohoa.

"Kikohozi hicho nakijua," alisema mwenzake.

"Kunywa kahawa yako, Lowell, uniache."

Hewa ilikuwa nyepesi. Bwana Hoekstra alitabasamu kwa mpiga picha. Hivi ndivyo alivyotaka bunge lione, watu wanaopimana na kucheka. Ndipo Janelle akafikia chupa ndogo ya jamu, nyuma kabisa, iliyofunikwa vibaya. Akachovya.

Kikaratasi hakikusubiri. Rangi ilipanda hapo hapo, ikapita waridi, ikapita nyekundu, ikasimama kwenye zambarau nzito ambayo haikuwemo hata kwenye kielelezo cha rangi.

Akachukua kikaratasi kingine. Ikawa vile vile.

Vicheko vilikatika kimoja kimoja, kama taa za nyumba zinavyozimwa.

"Huyo kamwaga tangi zima," mtu akajaribu mzaha. Haukushika.

Bwana Hoekstra alikuja, akavaa miwani, akainama. "Hii haijatoka kwenye bomba la shamba," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka yangu yote sijaona bomba likitoa hivi. Hii… ni kama mtu ameyachemsha, akaongeza, akachemsha tena, mpaka maji yakaenda na kilichomo kikabaki." Akamgeukia mpiga picha. "Hiyo usipige, tafadhali. Itoke kwenye hesabu."

"Kuna mtu anatutania," Verlyn alisema. Alikuwa ameshaweka kikombe chini. "Siku tano kabla ya bunge, mtu anatuletea sumu kwenye chupa ya jamu! Anataka waandike nini?"

"Mzee Verlyn, desturi," Lowell alimkumbusha. "Hatuulizani."

"Simtaji mtu. Nasema aje aichukue, tu."

Aliinyanyua chupa juu, kwenye mwanga wa taa za mpiga picha, ukumbi wote uione. Maji yalitikisika. Na kutoka chini vikapanda vipande vyeupe vidogo, vyembamba kama maganda ya yai, vikazunguka polepole na kuanza kushuka tena.

Janelle alivijua vile vipande. Kila asubuhi alivichuja, na kila asubuhi viwili vitatu vilipita kwenye kitambaa.

Maji yanaruka. Sauti ya Britta ya asubuhi ilimrudia kichwani, ule wimbo wa uani, na safari hii hakuweza kuuzima. Aligeuka kumtafuta Kory, akamwona amesimama karibu na nguzo, na Nels mikononi mwake, kinywa wazi, hajaamshwa na kelele zile zote wala na kimya kile. Chini ya taa nyeupe za picha hapakuwa tena na baridi wala forosadi. Midomo ile na kikaratasi kile vilikuwa rangi moja.

"Kory," alisema. Akavua glavu moja, akaiacha ianguke. "Kory, washa gari."

"Nani kaileta?" Verlyn aliuliza, desturi ameisahau, mkono bado juu.

Kiti kilikwaruza sakafu. Britta alikuwa amepanda juu yake, buti zake bado zimebadilishana miguu, ameinua mkono kama wanavyofundishwa shule ya Jumapili, mwenye furaha kwa kuwa hatimaye mtu mzima ameuliza swali analolijua.

"Hayo ni maji ya Nels."