Mikono ya Anifa

Siku ya harusi ya kaka yake Majidi, pale Mtendeni, Zamda alikuwa akipakua pilau kwenye masinia alipomwona Shangazi Tatu akimfunga Anifa mikono kwa kanga. Anifa, mdogo wake Zamda, alikuwa mtu mzima sasa. Makelele yakizidi, au furaha, aliikung'uta mikono karibu na masikio, upesi upesi, kama anayekausha maji. Ndivyo alivyojituliza tangu utotoni. Daktari alishawaeleza kuwa ni usonji.

"Hamdhuru mtu, shangazi."

"Wakwe wametoka Usoke, mwanangu. Watasema ukoo wetu una wazimu."

Fundo likakazwa. Mikono ya Anifa ikatulia, lakini mwendo wake haukukoma, ulihama. Ulianzia kwa Shangazi Tatu, ukawapitia wakwe, ukaenea turubai zima. Kila mtu akawa anakung'uta mikono. Hakuna aliyeuliza. Waliinamia masinia wakala kwa midomo, mafuta yakiwachuruzika ndevuni, wali ukiruka na kunasa kwenye mitandio ya wenzao, huku wakizungumzia mvua na tumbaku. Anifa peke yake alikaa kimya kwenye kona, akijing'ata mdomo mpaka ukatoka damu.

"Hata kichwa kimeacha kuniuma," alisema Shangazi Tatu, mikono ikimruka. "Kifua chepesi!"

"Basi umeelewa. Mfungue."

"Huyu? Watu watamwonaje?"

Zamda akamwendea Anifa pale kwenye kona. Mikono yake nayo haikushikika, kwa hiyo alilifungua lile fundo kwa meno. Lilikuwa na ladha ya jasho na samli. Anifa akaanza kukung'uta. Mikono ya wengine ikashuka. Wakanawa, wakapiga picha na bwana harusi.

Jumatatu jioni wanawake wa mtaani walipiga hodi. Josepha, jirani yao, alitangulia, kashika kitambaa cha pamba.

"Tangu harusini sijapata raha kama ile," alisema. "Mfungeni kidogo tu, nasi tupumue. Nimeleta kitambaa laini, hakitamkwaruza."

Zamda alitema mate kizingitini, akafunga mlango kwa komeo. Wale wanawake hawakukasirika. Walikaa barazani, wakatuma mtu akamwite Shangazi Tatu, maana yeye ndiye mkubwa wa nyumba.