Gurudumu la Nyuma Kushoto

Binti yangu Tyra huja kwangu Vilhelmina, mji mdogo wa kaskazini, mara mbili kwa mwaka, Oktoba na Mei, kubadilisha magurudumu ya gari lake: ya kiangazi kwa ya majira ya baridi, kisha kinyume chake. Anakaa Umeå, kilomita mia mbili na ishirini kutoka hapa, na huko Umeå gereji zinazofanya kazi hiyo kwa dakika ishirini ni nyingi. Najua hilo. Yeye pia anajua. Kwa miaka tisa hakuna aliyelisema.

Seti inayotolewa hubaki bandani kwangu hadi msimu ugeuke. Ulikuwa mpango mzuri: alichokiacha kwangu, sharti akifuate.

Miaka miwili iliyopita alinunua gari jipya zaidi. Ndani ya kila gurudumu mna kihisi, kidude kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, kilichofungwa kwenye valvu. Hupima upepo na kuutangaza kwa redio pamoja na namba yake. Kompyuta ya gari hukumbuka namba nne tu. Ukifunga seti nyingine, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, na inabidi uende gereji yenye mashine wakaziandikishe namba mpya. Gereji moja ya Umeå ilimwambia Tyra kwamba wangeziandikisha kila msimu na kumtunzia pia seti ya pili. Huku kwetu huduma hiyo huitwa hoteli ya magurudumu. Aliponieleza kwa simu nilimwambia asubiri.

Niliagiza vihisi vinne visivyo na namba na mashine ndogo ya kuviandikia. Nilisoma namba za vihisi vya kiangazi, nikaziandika zilezile kwenye vya majira ya baridi. Tangu hapo gari halikujua kwamba limebadilishwa viatu. Jirani yangu Gunborg, mjane anayeingia kwangu bila kubisha hodi, alinikuta mezani na mashine hiyo. Akaniuliza ya nini, nikamweleza yote.

"Halvar, mtu mzima wewe," akasema. "Si umwambie tu kwamba umemkumbuka?"

Nilimjibu kwamba mashine ina kitabu cha maelekezo.

Njia yangu ina kasoro moja, na niliijua tangu mwanzo. Seti mbili zenye namba zilezile hazifai kukaa pamoja. Kihisi hulala gurudumu likitulia, lakini mtikisiko unaweza kukiamsha, na hapo gari litasikia sauti mbili kwa jina moja, liamini ile iliyosikika mwisho. Kwa kuwa seti moja ilikuwa bandani kwangu na nyingine Umeå chini ya gari, kasoro hiyo haikuwa na madhara.

Jumamosi ya pili ya Oktoba mwaka huu Tyra alifika saa nne asubuhi. Tulifanya kazi kama siku zote, mimi kwenye jeki, yeye kwenye nati. Nilipima upepo: tairi zote nne za barafu, zile zenye misumari, zilikuwa bar 2.4. Katika seti iliyotoka, gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa 1.8. Lina pancha ndogo, nikasema, nitaliziba, nina miezi saba. Aliniambia niende nikapashe moto palt, matonge ya viazi yenye nyama ndani. Magurudumu angeyaingiza bandani mwenyewe.

Tulikula palt na siagi na jamu. Aliongea kuliko kawaida yake, habari za kazini, habari za mbwa wa mtu nisiyemjua. Mlangoni alinikumbatia mara mbili. Nilihesabu, sikutafsiri.

Saa nane kasoro simu ililia. Alikuwa kituo cha mafuta cha Åsele, njiani kurudi Umeå. Taa imewaka, alisema, na skrini ya dashibodi inaonyesha nyuma kushoto 1.8. Alikuwa ameshuka akapima kwa geji ya kituo, akapata 2.4. Akapima tena, akapata ileile.

"Baba, nimwamini nani, geji au gari?"

Lilikuwa swali zuri. Jibu nilikuwa nalo kabla hajamaliza kuuliza, lakini nilipima kina cha maji kwenye bwawa la umeme kwa miaka thelathini na moja, na sipendi jibu ambalo halijathibitishwa. Nilitoka na simu sikioni, nikavuka ua, nikafungua banda. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Magurudumu hayakuwepo.

Kutoka Åsele hadi kwangu ni kilomita sitini na tano. Ningeweza kumwambia kwamba geji za vituo hazitunzwi, kwamba asithubutu kuendelea na barabara yenye utelezi, kwamba arudi nilikague gurudumu hilo kwa utulivu kesho asubuhi. Angerudi. Angelala chumbani kwake. Katika mambo ya vipimo ananiamini kuliko katika jambo lingine lolote, na sijawahi kumpa kipimo cha uongo. Nilifunga mlango wa banda.

"Amini geji," nilisema. "Magurudumu unayoendeshea ni mazima. Gari linalisikia lile ulilolipakia kwenye buti."

Nilisikia lori likipita karibu naye.

Alisema alitaka kuniambia mezani, kisha mlangoni, akashindwa kote. Amepata kazi Malmö, kuanzia Januari. Malmö ni mwisho wa nchi upande wa kusini, zaidi ya kilomita elfu moja na mia mbili kutoka kwangu. Kuniachia magurudumu ambayo hatayafuata, alisema, kungekuwa kunidanganya.

Nikamweleza la kufanya. Taa aipuuze hadi Umeå. Akifika ayashushe magurudumu stoo, mbali na gari. Lile bovu lizibwe pancha kabla halijafungwa tena. Nilimsikia akiandika.

"Haya," akasema. "Kingine?"

Hakukuwa na kingine. Bandani hapakuwa na kitu chake hata kimoja.

"Njoo Februari," nilisema. "Jumamosi ya pili."

"Kuna nini Februari?"

"Hakuna kitu."

"Baba, unajua miaka yote hii hujawahi kuniambia njoo? Unapiga unasema barafu imeanza, basi."

"Barafu huwa imeanza kweli."

Alicheka, kisha nikamsikia akipenga kamasi. Hakuahidi. Kazi mpya huenda isimpe ruhusa mapema hivyo, alisema, na safari ya treni ni ndefu, lakini ataangalia. Akauliza Jumamosi hiyo ni tarehe ngapi.

Nilimwambia ningempigia jioni, nikishaangalia kalenda. Kisha nikajisahihisha: ningempigia jioni, hata bila kalenda.